Somo la Mazoezi ya Mwili Katika Sekondari: Sifa Zake na Makosa Yake

Mwezi wa Januari, mwaka 2026, vijana wa kwanza wa mtaala mpya wa Kenya waliingia gredi ya 10, ambayo ndiyo mwanzo wa sekondari ya juu. Kabla ya kuingia walitakiwa kuchagua mkondo mmoja katika mitatu. Wa kwanza ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wa pili ni wa sayansi za jamii. Wa tatu ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Wakuu wa elimu walitazamia ya kwamba katika kila wanafunzi 100, 60 wafuate mkondo wa kwanza, 25 wa pili, na 15 wa tatu. Juu ya mikondo miwili ya kwanza sikusikia ubishi mkubwa kijijini kwetu. Walakini juu ya huu wa tatu, hasa juu ya maneno haya, "sayansi ya michezo," nimesikia vicheko barazani, manung'uniko sokoni, na maswali mlangoni pa shule.

Jioni moja mzee jirani yangu alinijia, akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu, mimi nilikimbia nyuma ya mbuzi wa baba yangu tangu sijaota meno ya pili, wala hakuna aliyenipa cheti. Leo mjukuu wangu aniambia kwamba atakwenda shule kusoma mazoezi. Je, niuze ng'ombe ili mtoto asomee kukimbia?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini swali lake halikuwa la mzaha, maana ng'ombe ni mali, na karo ni karo. Nikamwambia, "Baba, nipe siku chache nifikiri." Haya ninayoandika ndiyo jibu langu kwake, na kwa wazazi wote walio katika shaka kama yake. Nitasema kwanza somo hili ni kitu gani, kisha nitataja makosa yake bila kuyaficha, maana sifa tupu haimsaidii mtu anayetaka kuuza ng'ombe.

Sayansi ya mazoezi si kufundishwa kukimbia. Mtoto wa kijijini hujua kukimbia kabla hajajua kusoma. Sayansi hii huuliza maswali: Kwa nini moyo huenda mbio mtu apandapo mlima? Nguvu ya misuli yatoka wapi, na kwa nini hupungua? Mwili hujipoza vipi katika jua? Kwa nini mtu mmoja huchoka upesi na mwenzake huendelea? Tena kwa nini mtu akaaye kitako kutwa huugua moyo kuliko mwenzake atembeaye? Ni elimu ya mwili ufanyao kazi, ikiwa kazi hiyo ni mpira, au jembe, au ndoo ya maji kichwani.

Natoa mfano mmoja. Huko London, daktari mmoja aitwaye Jerry Morris alichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili. Katika kila basi walikuwa watu wawili: dereva, aliyekaa kitini karibu muda wote wa kazi, na kondakta, aliyepanda na kushuka ngazi kutoza nauli, pengine ngazi 500 au zaidi kwa siku. Watu hawa walikuwa wa mji mmoja na kampuni moja. Habari zake zilipotolewa mwaka 1953, ilionekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi makali ya moyo yapata nusu tu ya madereva. Lakini Morris hakushangilia upesi. Alijiuliza, "Je, si yamkini kwamba watu wanene ndio waliopenda udereva tangu mwanzo?" Basi akachunguza vipimo vya sare walizopewa na kampuni, akaona kweli kwamba viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Kwa hiyo hakutegemea mabasi peke yake. Alitazama pia watu wa posta, wale wabebao barua kwa miguu na wale wakaao mezani, na huko nako watembeao walikuwa na afadhali. Mimi nampenda mtu huyu kwa jambo lile la sare kuliko kwa mabasi yenyewe. Alipopata jibu lililompendeza, alilitilia shaka yeye mwenyewe kabla wengine hawajamtilia.

Hiyo ndiyo sayansi ya mazoezi. Sasa nitasema kwa nini naona kwamba tumeikosa shuleni kwa miaka mingi, na hapa sharti nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu kijana, nilifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari ya kutwa. Juma moja nilikuwa mwalimu wa zamu. Wanafunzi kadhaa walichelewa, nami nikawaadhibu kwa kuwakimbiza kuzunguka uwanja mizunguko 12, saa sita ya mchana, katika msimu wa kiangazi. Niliketi kivulini na filimbi yangu. Katika mzunguko wa tisa kijana mmoja alianza kuyumba, akasema maneno yasiyoeleweka, akaanguka. Ngozi yake ilikuwa moto kama sufuria iliyotoka mekoni. Tulimzunguka wote tukamzibia upepo. Mtu mmoja akataka kumnywesha maji kwa nguvu, naye hana fahamu. Mimi nilimpangusa uso kwa kitambaa, kisha nikakimbia kutafuta pikipiki ya kumpeleka zahanati, na pikipiki ilikawia. Muda ule wote alikuwa amelala katika jua na sweta yake ya shule mwilini.

Kijana yule alipona, lakini hakurudi darasani muhula ule.

Wasomaji wapenzi, juma lile lile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wale juu ya ngozi. Nilikuwa nimechora ubaoni vitundu vya jasho, nikaeleza kwamba jasho likikauka huondoa joto, na kijana yule alikuwa ameyajibu maswali yote vizuri. Mimi mwenyewe nilimtia alama katika daftari. Tulijua wote wawili, mwalimu na mwanafunzi. Lakini ujuzi wetu ulikuwa umefungwa ndani ya daftari kama nafaka ndani ya ghala lisilo na mlango. Hakuna aliyenifundisha kwamba katika nguvu zote ambazo misuli huzitumia, yapata robo tu hufanya kazi, na zilizobaki hugeuka joto. Kwa hiyo mtu akimbiaye katika jua ana moto wa nje na moto wa ndani. Wala sikujua kwamba mtu aliyeanguka kwa joto yafaa apelekwe kivulini mara moja, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji ya baridi mwili mzima au atiwe ndani yake, na kupepewa, hapo hapo alipo, huku gari likitafutwa. Kumpoza ni kwanza, safari ni baadaye. Pale shuleni palikuwa na tangi lililojaa maji, hatua 40 kutoka mahali alipoanguka.

Nimeeleza habari hii si kwa kuwa napenda kuikumbuka, bali kwa sababu ndani yake yapo makosa mawili ya shule zetu. La kwanza, tumefanya mazoezi kuwa adhabu. Mtoto akikosea, apige mbizi za chura, akimbie, apande mlima. Kisha twashangaa akimaliza shule anauchukia mwendo wa miguu kama anavyochukia kiboko. La pili, kipindi cha mazoezi kilikuwapo katika ratiba miaka yote, lakini kwa kuwa hakikuwa na mtihani, kiliibwa. Mwalimu wa hisabati alikichukua leo, mwalimu wa kemia kesho, na mkuu wa shule akafumba macho. Nami nilikuwa mmoja wa wezi hao.

Na wakati sisi tulipokuwa tukikiiba kipindi kile, wengine walikuwa wakisafiri kutoka mbali kuja kuisoma miili ya watoto wetu. Mwaka 1968 Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500 huko Mexico City, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200, akimwacha nyuma sana Jim Ryun wa Marekani, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia. Tangu hapo dunia ikauliza siri ya Wakenya. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Skandinavia, wakiongozwa na Bengt Saltin, walifika katika nyanda za juu za Kenya na mashine zao. Walipima wakimbiaji wakubwa, wakapima na vijana wa shule, na mwaka 1995 wakatoa habari zao. Waliona kwamba wakimbiaji wa Kenya walitumia oksijeni kidogo kuliko wenzao wa Skandinavia kwa mwendo ule ule. Tena waliona kwamba vijana waliozoea kwenda shule kwa miguu, wakitembea na kukimbia, walikuwa na uwezo mkubwa kuliko wenzao wasiofanya hivyo. Baadaye wengine wakaja kutafuta siri hiyo katika chembe za urithi. Mpaka leo haijapatikana chembe moja iwezayo kueleza ushindi huo.

Siwalaumu wageni hao. Mtu aulizaye hana kosa. Lakini nawaza hivi: mtoto aliyepuliza pumzi yake katika mashine ile aliporudi darasani, je, kulikuwa na mwalimu wa kumweleza kilichopimwa? Kulikuwa na kipindi cha kuuliza kama hesabu ile ilikuwa ya haki? Mara nyingi havikuwapo. Mwili wake ulikuwa kitabu, na wengine wakakisoma, naye mwenye kitabu hakufundishwa herufi zake. Hata sasa ukiuliza barazani kwa nini watu wa Iten hushinda, utaambiwa, "Ni kabila lao," na mazungumzo yamekwisha. Hilo si jibu. Ni mlango uliofungwa. Maana kama ni kabila tu, basi mazoezi ya asubuhi, mlima, chakula, miaka ya kutembea kwenda shule, na tamaa ya kijana maskini ya kujenga nyumba ya mama yake, yote hayo si kitu.

Kwa sababu hizi mimi nasema wazi kwamba kuingizwa kwa sayansi ya michezo katika sekondari ni jambo jema, tena limechelewa. Lakini jambo jema laweza kuharibiwa na namna ya kulifanya. Yafaa tutazame waliotutangulia, tuone walipojikwaa.

Huko Uingereza somo la elimu ya mwili lina mtihani wake wa kumaliza sekondari ya juu. Tangu matengenezo ya mwaka 2016, katika alama 100, alama 70 hutoka katika karatasi za maandishi, na 30 hutoka katika vitendo na uchambuzi wa vitendo. Mambo yanayofundishwa ni mazuri: mifupa na misuli, moyo na mapafu, nguvu na mwendo, akili ya mchezaji, na habari za michezo katika jamii. Lakini mimi naona hatari mbili. Ya kwanza ni ile ile ya daftari langu. Mtihani ukiwa karatasi kwa sehemu kubwa, mwalimu mwenye haraka atawakaririsha watoto majina ya misuli ya paja, nao watayataja kama kasuku, wala wasiguse paja zao wenyewe wakipanda ngazi ili waone ni upi ukazao na ni upi ulegeao.

Hatari ya pili imo katika zile alama za vitendo. Mwanafunzi hupimwa katika mchezo mmoja kutoka katika orodha iliyokubaliwa, na katika orodha hiyo mna mpira na riadha, lakini pia mna kupanda farasi na kuteleza juu ya theluji. Ni nani ajuaye kupanda farasi vizuri akiwa na miaka 17? Ni mtoto ambaye baba yake ana uwezo wa farasi. Sisemi kwamba mtoto huyo hajafanya bidii. Nasema kwamba bidii yake ilifunguliwa mlango na mfuko wa baba. Na binti achukuaye dumu la maji kilimani asubuhi na jioni, akilisimamisha kichwani bila kumwaga, kazi yake haimo katika orodha yo yote.

Ipo na njia nyingine. Shule zinazofuata mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate, ambao makao yake makuu yako Geneva, zina somo la sayansi ya michezo, mazoezi na afya. Somo hili wameliweka katika fungu moja na biolojia, kemia na fizikia. Mwanafunzi hapewi alama kwa kukimbia upesi wala kwa kufunga mabao. Badala yake hufanya uchunguzi wake mwenyewe: hujiuliza swali, hupima, huhesabu, kisha huandika taarifa isiyopita maneno 3,000, akieleza na upungufu wa kazi yake. Mimi naliona jambo hili kuwa jema kuliko lile la Uingereza, maana mtoto mzito wa miguu aweza kushinda, na mtoto mwepesi hawezi kujificha nyuma ya wepesi wake. Kasoro yake kubwa ni kwamba shule nyingi za namna hiyo katika nchi zetu zina karo isiyofikiwa na mtu wa kijijini. Lakini wazo halilipiwi karo. Twaweza kulichukua.

Sasa nirudi kwetu. Makosa ninayoyaona yakichipuka ni matatu, na yafaa yang'olewe yakiwa bado machanga.

Kosa la kwanza ni kuufanya mkondo wa tatu kuwa jaa la walioshindwa. Nimewasikia wazazi, na walimu pia, wakisema, "Huyu hesabu zimemshinda, basi na aende michezo." Maneno haya yanamdhulumu mtoto na yanalidhulumu somo. Kupima mapigo ya moyo ni hesabu. Kulinganisha watu 40 ni hesabu. Kueleza namna chakula kinavyogeuka nguvu ni kemia. Mtoto asiyependa kufikiri hatapata mapumziko hapa. Atapata aibu.

Kosa la pili ni kulifanya somo kuwa kitalu cha mabingwa. Shule hupenda vikombe, nasi wazazi twapenda kuona jina la mtoto gazetini. Lakini katika darasa la watoto 40, pengine hata mmoja hatakuwa bingwa wa dunia. Hao wengine watakuwa wauguzi, wakulima, madereva, mama na baba wa watu. Je, wao hawana mioyo? Siku hizi magonjwa ya sukari na shinikizo la damu, tuliyoyaita zamani maradhi ya watu wa mjini, yamefika vijijini. Mtoto aliyekwenda shule kwa miguu kilomita 5, leo hupelekwa na bodaboda. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kama dakika 60 za mazoezi kila siku. Na hesabu za mwaka 2016 zilionyesha kwamba duniani kote, zaidi ya wanne katika kila vijana watano wenye miaka 11 hadi 17 hawakufikia kipimo hicho. Somo hili ni la hao kwanza, kisha ni la bingwa.

Kosa la tatu latokana na la pili. Penye kitalu cha mabingwa pana tamaa, na penye tamaa huja mtu na sindano. Kenya imepata aibu nyingi kwa wakimbiaji waliofungiwa kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, hata mwaka 2016 shirika la dunia la kupambana na dawa hizo likaitangaza kuwa haitimizi masharti, mpaka sheria yake ikarekebishwa. Wengi hudhani dawa ni ya kupigwa vita na polisi peke yao. Mimi nadhani hupigwa vita na elimu pia. Figo zetu hutoa kitu kiuambiacho mwili utengeneze chembe nyekundu za damu. Mtu akijidunga kitu hicho kupita kiasi, damu huwa nzito kama uji, na moyo hutaabika kuisukuma. Kijana aliyelifahamu jambo hili akiwa na miaka 16, akaligusa kwa hesabu na mchoro, hadanganyiki upesi na mtu amwambiaye kwamba ni vitamini tu.

Najua jibu litakalotolewa na walimu wenzangu: "Hatuna vyombo." Nami nilisema hivyo. Walakini sikilizeni habari hii. Katika chuo cha Harvard, huko Marekani, palikuwa na maabara ya kuchunguza uchovu, iliyofanya kazi tangu mwaka 1927 hadi 1947. Ilikuwa maabara yenye sifa kubwa. Na kipimo kimojawapo kilichowafanya wajulikane dunia nzima kilihitaji vitu viwili: kijukwaa cha kupandia na saa. Mtu hupanda na kushuka kwa mwendo uliowekwa, kisha akaketi, na mapigo ya moyo wake yakahesabiwa. Mapigo yakirudi chini upesi, moyo umezoea kazi, yakikawia, haujazoea. Basi ni shule gani isiyo na benchi na saa?

Nimejaribu jambo hili na wanafunzi wangu. Kwa kuwa kipimo cha Harvard ni kikali, tulitumia benchi fupi, lenye kimo cha sentimita 30 hivi, kwa dakika tatu, na kijana mmoja akapiga ngoma ili wote wapande kwa mwendo mmoja. Kwanza niliuliza kama yuko mwenye homa au maradhi ya kifua, naye akawa mwandishi. Walipoketi, kila mmoja alishika kifundo cha mkono wa mwenzake, wakahesabu. Darasa lilinyamaza kimya ambacho sijapata kukisikia katika somo lo lote.

Tulipoandika hesabu ubaoni, aliyeongoza wote alikuwa binti mmoja ambaye katika mashindano ya shule huwa wa mwisho, nao humtania kwa hilo. Mapigo ya moyo wake yalirudi chini kabla ya wote. Wenzake wakapiga makofi, wakasema, "Ni kwa sababu ya yale maji ya kilimani!" Nami nilikuwa karibu kuliandika jibu hilo ubaoni, maana lilinipendeza sana. Binti yule akainua mkono, akasema, "Mwalimu, nadhani si haki. Mimi nilikuwa nimeketi kivulini kabla ya kipindi. Hawa wenzangu walikuwa wametoka kucheza mpira."

Basi siku ya pili tulirudia, na wote wakapumzika robo saa kwanza. Binti yule akawa wa tatu. Wengine walimsikitikia. Mimi sikumsikitikia hata kidogo. Kwa miaka yangu yote ya ualimu sijaona mtoto aliyekataa sifa yake mwenyewe kwa sababu hesabu yake haikuwa ya haki. Na mambo aliyoyafanya, kwa benchi na ngoma, ni yale yale Morris aliyoyafanya kwa sare za madereva. Siku ile niliacha kusema kwamba hatuna vyombo.

Sasa namjibu mzee wangu. Baba, usiuze ng'ombe ili mjukuu wako ajifunze kukimbia. Miguu yake haihitaji karo. Wala usimzuie kwa kuwa wewe ulikimbia bila cheti. Nenda kwanza shuleni, ukaulize maswali manne, nawe usiondoke mpaka umejibiwa. Uliza: Mtoto achaguaye michezo katika shule hii, je, aweza kusoma na biolojia pamoja nayo? Uliza: Ni mara ngapi kwa juma watatoka nje kupima na kuandika, na daftari la vipimo liko wapi, nilione? Uliza: Mtoto asiye na mbio atapata nini katika somo hili? Na la mwisho, uliza: Mtu akianguka uwanjani saa sita ya mchana, ni nani hapa ajuaye la kufanya, na maji yako wapi?

Wakikujibu vizuri, mjukuu wako hatapoteza wakati wake, hata kama hatashinda mbio moja. Aweza kuwa tabibu wa viungo, au mwalimu, au mkulima ajuaye kulinda mgongo wake na moyo wa baba yake. Wakishindwa kukujibu, rudi nyumbani na ng'ombe wako, lakini usinyamaze. Waambie wazazi wenzako, mwende pamoja, maana shule husikia sauti ya wengi.

Nasi walimu, tuache kuiba kipindi cha mazoezi, na tuache kukifanya kiboko. Mimi nimeacha.

Haya ndiyo maoni yangu. Aliye na maoni mengine, hasa mwalimu aliyekwisha kulifundisha somo hili na kuona yale nisiyoyaona, na aandike katika gazeti letu, ili tusahihishane.